Karani amekataliwa na mtandao, lori liko mpakani: tatizo liko wapi?

Lori limefika Rusumo saa nne asubuhi. Nyaraka zote zipo, ushuru umelipwa, dereva ana pasipoti mkononi. Kinachokosekana ni jambo moja tu: karani wa wakala wa forodha ameketi mbele ya kompyuta, ameandika jina lake na neno lake la siri mara tatu, na mara zote tatu amejibiwa kwamba jina au neno la siri si sahihi. Mara ya nne akaunti imefungwa. Kuanzia hapo anayehesabu saa si karani tena bali ni mwenye mzigo. Maegesho yanalipiwa, siku za bure za kontena zinapungua, na posho ya dereva inaendelea.

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi huelezwa habari hii kwa maneno matatu: mtandao uko chini. Maneno hayo hayamsaidii mtu. Mara nyingi mtandao uko juu kabisa, ila imegoma seva moja yenye kazi ya kuthibitisha nani ni nani. Katika makala hii tunaeleza seva hiyo inavyofanya kazi, kwa nini huwakataa watu wenye haki ya kuingia, na fundi aanzie wapi. Tunamlenga mwenye kampuni, mkuu wa ofisi ya mpakani, na msafirishaji anayetaka kujua kama anachoambiwa na wakala wake kina ukweli. Fundi naye hatakosa la kuokota.

Milango ni miwili

Kabla ya kumpigia fundi simu, tenganisha mlango wa ofisi yako na mlango wa forodha. Tanzania inatumia mfumo wa TANCIS tangu mwaka 2014. Kenya ilianza na Simba mwaka 2005 na baadaye ikahamia iCMS. Uganda, Rwanda, Burundi na Zambia zinatumia ASYCUDA World, mfumo uliotengenezwa na UNCTAD. Tangu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zianze kutekeleza Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, wakala mmoja anaweza kujikuta na akaunti katika mifumo miwili au mitatu, kila moja ikiwa na jina lake, neno lake la siri na tarehe yake ya kubadilisha neno hilo.

Akaunti hizo ziko mikononi mwa mamlaka za mapato. Fundi wako, hata awe bingwa namna gani, hawezi kuzifungua. Basi jaribu hivi: je, ukurasa wa forodha unafunguka? Ukifunguka na kukukataa baada ya kuandika jina, tatizo liko kwenye akaunti yako kule, na simu ipigwe dawati la msaada la mamlaka husika. Usipofunguka kabisa, mwulize mwenzako wa kampuni nyingine kama kwake unafunguka. Lakini kama umekwama hata kabla ya kuufikia ukurasa huo, yaani Windows haikuruhusu kuingia, au waifai ya ofisi inakukataa, au VPN ya kwenda ofisi kuu haiungi, mlango unaokukataa ni wa kwako mwenyewe. Huo ndio tutakaouzungumzia.

Askari wa getini hamjui mtu

Tuchukue mfano wa kampuni ya uwakala yenye ofisi kuu Dar es Salaam na matawi Rusumo, Kabanga na Tunduma. Kila tawi lina ruta na waifai. Majina ya wafanyakazi wote yamewekwa mahali pamoja, Dar es Salaam. Karani wa Tunduma akitaka kuingia, ruta ya Tunduma haina habari naye hata kidogo. Ruta ni kama askari wa getini ambaye ni mgeni: anachukua jina na neno la siri, anaipigia ofisi kuu, anauliza, "Nimfungulie huyu?" Ofisi kuu hutoa jibu moja kati ya matatu: mfungulie, mkatalie, au mwulize jambo moja zaidi.

Utaratibu huo unaitwa RADIUS. Ulianzishwa mwaka 1991 na kampuni ya Livingston ya Marekani, enzi za kupiga simu kwa modemu, na kanuni zake zinazotumika hadi sasa zilichapishwa mwaka 2000. Seva husikiliza kwenye mlango namba 1812 kwa maswali ya kuingia na 1813 kwa hesabu za matumizi. Vifaa vya zamani vilitumia 1645 na 1646, na bado kuna ruta kuukuu ambayo mtu huirejesha kwenye mipangilio ya kiwandani ikaanza kubisha kwenye milango hiyo ya zamani ambako hakuna anayesikiliza.

Nyuma ya RADIUS kuna daftari la majina lenyewe. Katika ofisi zinazotumia Windows, daftari hilo kwa kawaida ni Active Directory, lililoanza na Windows 2000 na linalotumia utaratibu wa Kerberos uliobuniwa chuo cha MIT nchini Marekani katika miaka ya 1980. Kwa hiyo safari ya jina la karani ina vituo vitatu: kifaa cha tawi, seva ya RADIUS, na daftari la majina. Jina linaweza kukwama kituo chochote, na karani mbele ya kioo ataona ujumbe uleule. Hilo ni la makusudi. Seva ikimwambia mtu "jina hili halipo" itakuwa inamsaidia mwizi anayebahatisha majina.

Wanaokataliwa ni wangapi?

Swali la kwanza la fundi mzuri halihusu neno la siri. Ni hili: aliyekataliwa ni mmoja, ni tawi zima, au ni kampuni nzima?

Akiwa mmoja, tafuta kwenye akaunti yake: neno la siri limekwisha muda, akaunti imefungwa, au ameondolewa kwenye kundi lenye ruhusa. Angalia pia herufi kubwa na ndogo na namba za kibodi; tunacheka, lakini kibodi iliyobadilishwa kuwa ya Kifaransa imewasumbua wengi wanaofanya kazi upande wa Burundi na Kongo, kwa sababu A na Q hubadilishana nafasi na neno la siri linaandikwa kwa nyota ambazo hazimwonyeshi mtu kosa lake.

Likiwa tawi zima huku wengine wakiingia vizuri, usimguse karani wala akaunti yake. Tatizo liko kwenye ruta ya tawi au kwenye njia. Ikiwa ni kampuni nzima, na imeanza kwa wakati mmoja, nenda moja kwa moja kwenye seva: diski imejaa, cheti kimekwisha muda, saa imepotea, au seva ya RADIUS imeachana na daftari la majina. Kuna mafundi wanaoanza kwa kubadilisha neno la siri la kila anayelalamika. Kazi hiyo huchukua nusu siku na haigusi chanzo.

Kukataa si sawa na kukaa kimya

Hapa ndipo penye siri kubwa ya kazi hii. Angalia muda. Karani akibonyeza na kukataliwa papo hapo, seva imepata swali lake na imejibu hapana. Akibonyeza, gurudumu likazunguka nusu dakika kisha likakata tamaa, huenda hakuna aliyejibu. Haya ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Kanuni za RADIUS zinaiagiza seva ikipokea swali kutoka kwa kifaa isichokifahamu isijibu chochote. Hairudishi hata neno hapana. Seva hukifahamu kifaa kwa anwani yake ya mtandao na kwa neno la siri la pamoja ambalo limeandikwa pande zote mbili. Sasa fikiria tawi la mpakani linalotumia modemu ya laini ya simu. Umeme umekatika usiku, modemu imewaka upya asubuhi, na kampuni ya simu imeipa anwani mpya. Intaneti ipo na kurasa zote zinafunguka, lakini seva ya Dar es Salaam inaiona ruta hiyo kama mgeni na kuinyamazia. Karani anasema neno la siri limekataliwa, wakati neno hilo halijatazamwa na mtu. Dawa ni kuipitisha ruta kwenye VPN ambayo ndani yake ina anwani isiyobadilika. Kuongeza anwani mpya kwenye seva kila umeme unapokatika ni kuchota maji kwa pakacha.

Siri ya pamoja ikikosewa upande mmoja, hata herufi moja au nafasi tupu mwishoni, dalili huchanganya zaidi. Kwa njia ya kawaida ya neno la siri, seva hulifumbua neno la karani kwa siri isiyolingana, ikapata takataka, ikakataa. Na ruta nayo ikipata jibu hilo hulitupa kwa sababu sahihi yake hailingani. Kwenye kumbukumbu za seva utaona neno la siri limejaa alama zisizosomeka. Ukiziona, acha kumhoji karani, kaandike siri ya pamoja upya pande zote mbili.

Kuna ugonjwa wa tatu, ulio katikati. Mazungumzo yanaanza, seva inajibu, kisha yanakatika njiani kila mara mahali palepale. Mara nyingi hutokea pale vyeti vya kidijitali vinapotumika, kwa kuwa vyeti ni vizito. Pakiti kubwa ikifika kwenye VPN ambayo haibebi ukubwa huo, hukatwa vipande, na baadhi ya ruta hutupa vipande. Ukijaribu njia kwa pakiti ndogo utaona kila kitu kizima. Fundi apunguze ukubwa wa pakiti za vyeti kwenye seva kisha ajaribu tena.

Tangu Julai 2024 limeongezeka jambo jingine. Watafiti walitangaza udhaifu wa RADIUS unaojulikana kama BlastRADIUS, unaotokana na hesabu ya kizamani ya MD5. Watengenezaji wakatoa masahihisho yanayodai kila swali liwe na muhuri wa ziada. Seva iliyosasishwa na kuwekwa kwenye ukali huo inaweza kumnyamazia askari wa getini ambaye ni ruta ya zamani isiyojua kupiga muhuri. Kwa hiyo ikiwa tawi moja lenye kifaa kikuukuu liliacha kufanya kazi siku seva iliposasishwa, mahali pa kuangalia ni hapo. Dawa ya kudumu ni kusasisha ruta.

Saa, na mpaka wa saa

Tatizo la saa tunalipa nafasi kubwa kwa sababu ni letu sisi watu wa mipakani. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi na mashariki ya Kongo ziko saa mbili mbele. Ukivuka Malaba au Busia saa haibadiliki. Ukivuka Rusumo, Kabanga, Tunduma, Katuna au Bunagana, inarudi nyuma kwa saa moja kamili.

Kerberos haipendi saa zinazopingana. Kwa kawaida huruhusu tofauti ya dakika 5 kati ya kompyuta na seva, basi. Sababu yake ni nzuri: kila ombi limepigwa muhuri wa saa, ili mtu aliyelinasa asilitumie baadaye. Na saa inayolinganishwa ni saa ya dunia, si ile unayoiona kwenye kona ya kioo.

Sasa karani wa Dar es Salaam amepelekwa upande wa Rwanda na kompyuta yake. Kwake ni saa tano asubuhi, ukutani pale ofisini ni saa nne. Anaona kompyuta "imekosea", anairudisha kutoka 11:00 hadi 10:00. Ukanda wa saa hajaugusa, bado ni wa Dar es Salaam. Kompyuta sasa inaamini saa ya dunia ni 7:00 wakati ukweli ni 8:00. Tofauti ni dakika 60, na ruhusa ni 5. Kama angebadilisha ukanda wa saa peke yake, pasingetokea kitu, kwa sababu saa ya dunia ingebaki ileile.

Lipo na kosa jingine ambalo vitabu vya wazungu havilitaji. Mtu anaambiwa aweke saa mbili asubuhi, naye anaandika 2:00. Hapo kompyuta imepotea kwa saa sita. Anayeagiza kwa simu aseme namba zitakazoandikwa, aseme "nane, nukta mbili, sifuri, sifuri", asiseme saa mbili.

Betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta ikifa, mashine hurudi miaka ya nyuma kila umeme unapokatika, na hapo hata vyeti hukataliwa kwa kuwa tarehe yake ya kuanza bado "haijafika". Vilevile zile namba sita zinazotolewa na programu ya simu kwa uthibitisho wa pili hutokana na saa, na kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30. Simu iliyorekebishwa saa kwa mkono itatoa namba zisizokubalika hata moja, na mwenye simu ataapa kwamba amenakili sawasawa. Atakuwa anasema kweli.

Kompyuta mpya za Windows zina namna ya kujirekebisha zinapoifikia seva ya ofisi, lakini tusizitegemee mno, hasa pale tawi linapoingia kwa VPN ambayo yenyewe ndiyo inayokataa. Fundi atazame hali ya saa kwa amri ya w32tm /query /status kwenye Windows, au timedatectl kwenye Linux. Ahakikishe pia kwamba seva zenyewe zinachukua saa mahali pamoja, na kwamba ruta ya tawi haizuii mlango namba 123, ambao ndio njia ya saa.

Simu iliyo mfukoni

Kampuni imetangaza kila mtu abadilishe neno la siri. Karani amebadilisha kwenye kompyuta, ameingia vizuri. Baada ya dakika kumi akaunti imefungwa. Imefunguliwa, ikafungwa tena. Anaanza kuhisi kuna mtu anamfanyia hila.

Angalia mfukoni mwake. Simu yake iliunganishwa na waifai ya ofisi miezi sita iliyopita na bado ina neno la zamani. Kila inapokaribia ofisi inajaribu kuingia, inakataliwa, inajaribu tena, na hesabu ya makosa inaweza kujaa hadi akaunti ifungwe. Windows huandika kufungwa huko kama tukio namba 4740, pamoja na jina la mashine iliyosababisha. Lakini maombi yakipitia RADIUS, jina litakaloandikwa ni la seva ya RADIUS yenyewe, na fundi asiyejua ataanza kuishuku seva. Atazame kwenye kumbukumbu za RADIUS, ambako kila ombi la waifai huandikwa na anwani ya kifaa kilichoomba. Simu za siku hizi hutumia anwani za kubuni kwa kila waifai, hivyo jambo la haraka ni kumwambia karani azime waifai ya simu zake zote, na ya ile aliyompa mtoto nyumbani ikiwa inaletwa ofisini.

Hapa pia ndipo ubaya wa akaunti ya pamoja unapoonekana. Makarani wanne wa mipaka mitatu wakitumia jina moja, mmoja akikosea Tunduma, wa Kabanga naye anafungiwa. Na anayeondoka kazini anaondoka na ufunguo. Katika bandari ya Antwerp, nchini Ubelgiji, kati ya mwaka 2011 na 2013, wasafirishaji wa dawa za kulevya waliingia kwenye mifumo ya kompyuta ya kampuni za makontena, wakajua kontena lao liko wapi, wakatuma dereva wao kulichukua kabla ya mwenyewe kufika. Mwenye lori anapouliza kwa nini wakala wake anasisitiza kila karani awe na akaunti yake, jibu ni hilo.

Asubuhi ambayo wote wamekataliwa

Waifai inayotumia RADIUS hujitambulisha kwa watumiaji kwa cheti cha kidijitali. Cheti kina tarehe ya mwisho, na hakuna anayeikumbuka. Siku inapofika, simu na kompyuta zote hukataa kwa pamoja. Hatua ya haraka inayoshawishi ni kuwaambia watumiaji wazime ukaguzi wa cheti. Tunashauri msifanye hivyo. Ukaguzi ukizimwa, mtu yeyote mwenye kifaa kidogo ndani ya begi anaweza kusimamisha waifai yenye jina la ofisi yenu pale kwenye maegesho ya malori na kuvuna majina na maneno ya siri ya makarani wanaojiunga. Simu za Android, kuanzia toleo la 11, zilianza kuondoa chaguo hilo la kutokagua, ndiyo maana katika ofisi moja simu ya zamani huingia na mpya ikakataa. Kosa halipo kwenye simu mpya.

Daftari la seva husema kweli

Kioo kinaficha sababu, lakini kumbukumbu za seva haziifichi. Kwenye Windows, kila kushindwa kuingia huandikwa kama tukio namba 4625 likiwa na alama ya sababu. Alama 0xC0000064 maana yake jina halipo. 0xC000006A ni neno la siri lililokosewa. 0xC0000234 ni akaunti iliyofungwa, 0xC0000072 ni akaunti iliyozimwa, na 0xC0000071 ni neno la siri lililokwisha muda. Upande wa Kerberos, 0x18 ni neno la siri na 0x25 ni saa kupishana mno. Fundi akiwa na alama hizi ukutani hana haja ya kubahatisha.

Kwa wanaotumia FreeRADIUS, programu ya bure inayotumiwa na wengi, njia bora ni kuisimamisha huduma kwa muda kisha kuiwasha kwa amri ya freeradius -X, au radiusd -X kwenye baadhi ya mifumo ya Linux. Hapo seva inasimulia kila hatua kwa sauti. Karani abonyeze mara moja tu. Kama hakuna kitu kilichojitokeza kwenye kioo cha seva, ombi halijafika, na tatizo liko njiani. Kama limefika, soma kuanzia mwanzo wa ombi lile. Mstari wa mwisho wenye neno la kukataa ni matokeo, sababu iko juu yake. Kisha fundi ajaribu kutoka kwenye seva yenyewe kwa amri ya radtest. Ikikubali pale na kukataa kutoka tawini, daftari la majina limeshatoka kwenye lawama.

Tahadhari moja. Maandishi hayo ya -X yanaweza kuonyesha maneno ya siri waziwazi, na hata siri ya pamoja. Tumeona watu wakiyabandika kwenye kundi la WhatsApp la mafundi ili wasaidiwe. Futa maneno hayo kwanza.

Seva moja iliyobaki Ghana

Yote haya yanadhani kwamba seva bado ipo. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliipiga kampuni ya Maersk, ambayo makontena yake kila msomaji wetu ameyabeba au kuyafuata nyuma barabarani. Kampuni hiyo ilikuwa na seva za kuthibitisha majina zipatazo 150 duniani kote, zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Mpango ulikuwa kwamba moja ikifa nyingine itaijaza. Haikufikiriwa kwamba zote zingefutwa kwa pamoja, na hicho ndicho kilichotokea. Nakala za kumbukumbu za seva nyingine zilikuwepo, lakini bila daftari la majina hapakuwa na namna ya kumruhusu mtu yeyote kuingia popote.

Iliyookoka ilikuwa moja tu, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya kirusi kuingia, seva ikawa nje ya mtandao. Njia ya intaneti ya pale ilikuwa nyembamba mno kuituma nakala hadi Uingereza, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo mmoja akaruka na diski hadi Nigeria na kumkabidhi mwenzake aliyeipeleka London. Maersk ilisema ilisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku 10, na hasara yake ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kampuni yenye matawi matatu haihitaji seva 150. Inahitaji mbili, zisiwe jengo moja wala kwenye umeme mmoja, na nakala ya daftari la majina iliyochomolewa kabisa kwenye mtandao. Kila ruta ya tawi iandikwe anwani za seva zote mbili, kisha siku moja ya utulivu ile ya kwanza izimwe kwa makusudi ili ionekane kama ya pili inaitika. Ofisi nyingi zimeandika ya pili na hazijawahi kuijaribu. Siri ya pamoja yake inaweza kuwa imekosewa tangu siku ya kwanza.

Unapompigia fundi

Mkuu wa tawi aandike mambo haya kabla ya kupiga simu: saa halisi ya jaribio la mwisho, kwa namba kama zinavyosomeka kwenye kompyuta, na ni ya nchi gani, jina lililotumika, bila neno la siri, ujumbe ulioonekana, neno kwa neno au kwa picha, kama ulikuja papo hapo au baada ya kusubiri, wangapi wamekataliwa, na kilichobadilika tangu jana, iwe ni umeme, modemu, neno la siri au kompyuta. Fundi mwenye habari hizi huweza kuupata mstari unaohusika kwenye kumbukumbu za seva kwa dakika chache. Bila saa ya tukio atasoma maelfu ya mistari.

Akipiga simu mtu anayejiita fundi wa forodha, akasema anaweza kufungua akaunti ila anahitaji kwanza neno lako la siri, kata simu. Msimamizi halisi anaweza kukuwekea neno jipya bila kulijua la zamani. Mpigie mwenyewe kwa namba ya dawati la msaada uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyokupigia.